Ghala la Babu

Mteja alitaka maneno elfu moja kuhusu La Rochelle, Ufaransa, kana kwamba nimewahi kufika. Nikaandika hapa Migosi, stima ikipotea mara mbili: minara ya Saint-Nicolas na Chaîne mdomoni mwa bandari, na mnyororo uliovutwa kati yake usiku kuzuia meli. Mama akauliza, "Na hapo kwetu, babu yako alipobeba magunia ya pamba, ushawahi enda?"

Bandari ya Kisumu, iliyoitwa Port Florence reli ilipofika 1901, ni boda moja tu. Jumamosi nikaenda. Askari wa getini akauliza nina shughuli gani. Nikasema natafuta ghala la pamba.

"Lipi?"

Nikampigia Mama. Hata yeye hakujua.