Betri ya Akiba

Watu husifu tanga la jahazi, wakaisahau kamba iushikayo mlingoti. Ndivyo ilivyo kompyuta: wengi hutazama kioo chake, wala hawaijui betri ndogo iilindayo saa yake umeme unapokatika.

Kompyuta ya shule yetu ilikuwa ikirudi mwaka 2000 kila ilipozimwa. Hilo si jambo dogo, kwa maana mashine yenye tarehe ya uongo huzikataa tovuti zenye ulinzi, nasi tulikuwa na majina ya watahiniwa ya kupeleka. Nikaichukua kwa fundi mmoja wa Majengo. Betri yake ilishikwa kwa lehemu.

“Mwalimu,” akasema, “betri yenyewe haiguswi kwa moto. Lithiamu ikizidiwa na joto hupasuka.”

Akachomoa umeme, akatia alama upande wa chanya. Lehemu ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Basi akaipasha miguuni tu, kwa kitambo kifupi. Akaitoa betri kuukuu, akaweka mpya ya volti 3, iliyotiwa miguu kiwandani, chanya mahali pa chanya. Majina yetu yakafika kwa wakati.

Wako wanaodhani kwamba akili ni ya kalamu, na mkono ni wa asiyesoma. Vijana, utazameni mkono wa fundi ajuaye sababu ya kila tendo lake: huo nao unafikiri.