Zombo: Safari na Mfuko wa Spana

Zombo iko katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi kwa kupitia Ulaya, utafika Zombo.

Siku hizi watu wengi husafiri kwa pikipiki. Pikipiki hubeba mahindi. Hubeba pia wagonjwa na mama wajawazito.

Wakati wa masika, njia za mashambani huwa na tope na mashimo. Miiba hutoboa mipira. Fundi yuko mbali. Kwa hiyo dereva achukue spana, plaia, bisibisi, pampu, viraka na gundi. Achukue pia tyubu, plagi na waya wa klachi.

Vifaa vizito vifungwe chini, katikati ya pikipiki, mbali na bomba la moshi. Mzigo ukiwa juu, pikipiki huyumba. Spana isiwekwe katika mfuko wa shati. Dereva akianguka, itamwumiza kifua. Tyubu ifungwe kwa kitambaa. Ikisuguana na spana, itatoboka kabla ya kutumika.

Upande wa Mikumi kuna Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Humo mna simba na tembo. Si vizuri usiku ukukute huko kwa sababu ya pancha.

Ndugu dereva, kagua mfuko wako kabla ya safari. Mgonjwa hawezi kumngojea fundi.