Mnara wa Matiyo

Nyumba ya wazimamoto ya kambi yetu ilibomolewa nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa na milango miwili mikubwa iliyoelekea barabarani, chumba cha kulala watu wa zamu, na nyuma yake mnara mwembamba wa matofali mekundu, usio na dirisha isipokuwa vitundu karibu na paa. Matofali yalibebwa kwa pusupusu kwa siku tatu. Leo pale pana maduka.

Nkambo wangu alifanya kazi humo tangu ujana hadi pansheni. Majirani walimwogopa. Mama anasimulia kwamba utotoni wenzake walikataa kula kwao, kwa sababu baba yao alikuwa mtumbula. Ilisemwa kwamba ndani ya mnara ndimo watu walimotundikwa usiku ili wakamuliwe damu.

Habari hiyo niliikuta tena chuoni. Katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, mwanahistoria Luise White alichunguza uvumi wa aina hiyo wa wakati wa ukoloni. Kenya na Uganda wanyonya damu waliitwa wazimamoto; kwetu Kongo, batumbula. Kwa mwanafunzi wa lugha, majina hayo mawili hayako sawa. Mzimamoto ni mtu anayezima moto: jina lenyewe ni safi, uvumi ndio ulioligeuza. Lakini mtumbula ametoka katika kutumbula, kupasua tumbo; Kiswahili sanifu kimeangusha l, kinasema tumbua. Jina la kwanza lilitaja kazi, la pili lilitaja hofu. Nkambo aliyabeba yote mawili.

Wakati wa likizo nilimwendea na daftari, nikamwomba anitajie sehemu za nyumba ile. Alichukua kijiti, akaichora mchangani. Alipofika kwenye mnara, akasimama kidogo.

«Ile munara haikukuwaka ya bantu, mujukulu. Ilikuwaka ya kutundika matiyo.»

Akanieleza. Matiyo ya zamani yalikuwa ya kitambaa. Ukiyakunja yangali na maji, yanaoza, na siku ya moto yanapasuka mkononi. Kwa hiyo kila baada ya kazi waliyavuta juu kwa kamba, yakaning'inia mpaka yakauke. Ndiyo maana mnara ulikuwa mrefu hivyo. Vile vitundu vilikuwa vya kutolea unyevu.

Nikamwuliza kwa nini hakuwaingiza majirani wajionee. Akasema ufunguo haukuwa wake, ulikuwa wa kazi. Alingoja siku nyumba itakapofungwa, milango iachwe wazi, kila mtu aingie atazame juu. Nyumba ilipofungwa, ikabomolewa kabla ya mtu kuingia.

Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama nyuma yetu. Alitazama mchoro kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ndogo: «Na vile vitundu, vilikuwaka vya upepo tu?»

Nkambo aliinua kichwa, akamtazama binti yake.

«Hata weye?» akasema.

Mama hakujibu. Alichuchumaa, akachukua kijiti mkononi mwake, akaanza kumwuliza kamba ilipita wapi. Nami nikaandika.