Nakuru kwa Kufuata Gunia

Mgeni akihamia Nakuru, kila mtu humhimiza aanze na ziwa. Mimi humwambia aanze na soko. Aende Wakulima alfajiri, malori yakiwa bado yanashusha mizigo, ajibanze ukutani mikokoteni isimpitie, kisha aulize swali moja tu: hii imetoka wapi? Viazi ni vya Molo, ataambiwa. Ndizi za Subukia. Asali ya Baringo. Kila jibu ni barabara, na barabara zenyewe zinaachana hapohapo mjini kama vidole vya mkono mmoja. Jiji hili hulijui kwa kuzunguka ndani yake. Utalijua kwa kulifuata gunia hadi shambani na kurudi.

Nilihamia hapa kikazi kutoka Mombasa, tena Julai, mwezi ambao mtu wa pwani hapaswi kusogea popote palipoinuka. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Sweta ilinunuliwa kabla ya kitanda. Lakini kuna kitu kimoja kilichonifanya nijione si mgeni sana: reli. Ile reli iliyoanza kujengwa kwetu mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1900, na mji ukaota kando yake, mtaa baada ya mtaa. Kuna Bondeni hapa kama ilivyo Bondeni yetu, na adhana ya alfajiri inasikika vilevile. Mitaa mingine ina majina ya kuchekesha. Mtu anaweza kulala London, akafanya kazi Free Area, na mkwe wake akawa anakaa Section 58, wala hakuna aliyepanda ndege.

Tangu Desemba 1, 2021 Nakuru ni jiji rasmi, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tuktuk hazikupata habari hiyo, zinazunguka kama zamani, na watu wangali wanasema wanaenda tao. Mimi naona hiyo ndiyo raha yake. Ni jiji ambalo ukitembea dakika ishirini kwenye Kenyatta Avenue utakuwa umesalimiana na mtu unayemjua, hata kama ulihamia mwezi jana.

Jambo la kwanza ambalo jirani atakufundisha ni habari ya maji. "Ya kisima oga, ya kunywa nunua," aliniambia mama wa nyumba ya pili, akinionyesha duka la kujaza mitungi. Maji ya chini ya ardhi ya eneo hili yamelala kwenye miamba ya volkano na yana floridi nyingi, ndiyo maana utaona watu wengi waliokulia hapa meno yao yana rangi ya kahawia. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilijulikana kwa kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vya kuipunguza. Kwa hiyo kabla hujatoka hata getini, Bonde la Ufa limeshaingia kwenye glasi yako.

Volkano yenyewe iko hapo juu ya paa. Menengai unaiona kutoka karibu kila roshani ya upande wa kaskazini, lakini kutoka chini huonekana mlima wa kawaida, mpole, wenye miti. Ukifika ukingoni, mita 2,278, ndipo miguu inakuwa mizito: ardhi imekatika, na chini yako kuna shimo la upana wa kilomita 12 hivi, lava nyeusi iliyoganda, vichaka, na moshi mweupe hapa na pale. Moshi huo ni mvuke. Visima vilianza kuchimbwa mle mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ukaanza kutoa umeme. Humohumo kwenye mapango kuna watu wanaofunga na kuomba kwa siku kadhaa. Wahandisi na waombaji wanapishana kwenye vumbi lilelile, na sijawahi kusikia wakigombana.

Barabara ninayoipenda kuliko zote ni ya kaskazini, ya kwenda Marigat, kilomita kama mia moja. Ni ya kushuka. Unatoka mjini umevaa sweta, unapita Kabarak alikozikwa Rais Moi Februari 2020, na kufikia Mogotio sweta iko kiti cha nyuma. Mashamba ya mahindi yanakwisha, yanaanza ya mkonge, mistari iliyonyooka hadi macho yachoke, na mtu wa pwani anayeijua Vipingo hukaribia kudhani amepotea akarudi kwao. Karibu na hapo kuna kibao cha ikweta. Watu hushuka kupiga picha mguu mmoja huku, mmoja kule. Sawa, piga, lakini usidhani ni ajabu ya pekee: barabara ya Subukia nayo inaivuka ikweta, na ya Eldoret vilevile. Watoto wa Nakuru huvuka nusu ya dunia wakienda kumwona nyanya, wala hawaamki usingizini.

Baada ya hapo ni miiba, mbuzi na chupa za asali. Chupa zimepangwa kwenye meza za miti kando ya lami, nyingine nyeusi kama kahawa, nyingine za dhahabu. Usinunue ya kwanza. Simama, salimia, kaa kivulini, uliza imevunwa lini na upande gani. Mzee mmoja alinionjesha tatu kwa kijiti kabla hajataja bei, na nilipojaribu kuipunguza alinitazama kwa huruma akasema, "Kijana, nyuki hawakupunguza kazi." Nililipa.

Barabara hiyohiyo ndiyo ya kwenda Ziwa Bogoria. Liko chini ya mita elfu moja, na joto lake ni la kwetu, ila bila upepo wa bahari. Hapa ndipo walipohamia wengi wa flamingo ambao picha zao zilitangaza Nakuru duniani. Tangu karibu mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la mbuga na barabara zake, likaingia kwenye nyumba za watu wa mitaa iliyo ukingoni, na maji ya mvua yalipoyazimua magadi, mwani wanaoula ndege hao ukapungua. Nao wakafuata chakula. Bogoria nayo imepanda, baadhi ya chemchemi zake sasa ziko chini ya ziwa, lakini bado kuna zinazochemka kwa kishindo, maji yakiruka na mvuke ukinuka kiberiti. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakichemshia mayai humo. Wachukue watoto, ila washike mikono. Kuna mahali ganda la ardhi ni jembamba.

Mtembezaji atakuonyesha ndege na tandala wakubwa wenye pembe za kujisokota. Muulize pia juu ya Waendorois. Eneo hili lilipofanywa hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wao ndio walioondolewa kwenye malisho, kwenye chumvi ya mifugo yao na mahali pao pa ibada. Walikwenda hadi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Uamuzi huo unasomwa na wanasheria mbali sana na hapa. Ukisimuliwa ukiwa umesimama kwenye jua lenyewe, na ng'ombe wanapita, unaeleweka kwa namna nyingine.

Barabara ya magharibi ni kinyume cha hiyo ya kaskazini. Unapanda. Njoro iko kilomita ishirini tu na tayari ukungu unakusubiri. Hapo kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo kwenye ardhi aliyoitoa Maurice Egerton, bwana wa Kiingereza aliyejijengea kasri la vyumba 52 mahali ambapo jirani zake walikuwa ng'ombe. Inasimuliwa kwamba mwanamke alimkataa, naye akapiga marufuku wanawake kukanyaga kwake hadi alipokufa mwaka 1958. Nenda Jumamosi yoyote uone adhabu yake: maharusi, wasimamizi wao, mashangazi, wapiga picha, vigelegele kwenye ngazi zilezile.

Kutoka Njoro unaweza kuendelea Elburgon hadi Molo, kwenye mita karibu 2,500, kwa viazi. Hapa ndipo utakapoiona lumbesa ikizaliwa: gunia limejaa, likaongezewa kilemba cha wavu, likashonwa kwa kamba mpaka likafanana na mtu aliyebeba mtu. Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Mkulima anazijua, dalali anazijua, na kilemba kipo. Kijana aliyekuwa anashona aliniuliza kama natoka serikalini. Nilipomwambia natafuta tu za kupika nyumbani alicheka, akanijazia ndoo.

Milima hii ni mizuri, na imeona mabaya. Molo ilichomwa moto mwaka 1992, ikachomwa tena baada ya uchaguzi wa 2007, na Nakuru mjini damu ilimwagika Januari 2008. Chini kidogo, Sachangwan, lori la mafuta lilianguka Januari 31, 2009, watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya mia moja. Dereva wa matatu aliyenibeba alizima redio tulipopita hapo, akaiwasha tena mbele. Baadaye huko Salgaa, ambako malori yalikuwa yakipoteza breki kwenye mteremko, barabara iligawanywa kwa ukuta wa zege katikati. Ukiwa na gari lako, shuka kwa gia ndogo na uliachie lori nafasi yake.

Subukia ni ya siku unapotaka kupumzika. Unapanda Bahati kwenye mashamba ya chai na mboga, kisha ghafla ardhi inaporomoka na bonde la kijani linajitandaza chini, migomba kila mahali. Huko kuna madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, na waumini huipanda njia ya kilimani na mitungi mitupu, wakarudi imejaa maji ya chemchemi. Mbele zaidi ni Nyahururu na maporomoko yake ya mita 74. Ndizi nunua wakati wa kurudi. Ukizinunua wakati wa kwenda utafika huna.

Njia ya kusini-mashariki, ya kuelekea Nairobi, nimeiacha nyuma kwa sababu kila mtu anaijua vibaya. Wanaipita kwa kasi wakiwahi mkutano. Lakini nje tu ya mji kuna Hyrax Hill, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937, na huko utaona mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko vitu vyote vya makumbusho. Watu waliishi hapa, wakamaliza kazi, wakakaa kivulini wakala kete za wenzao. Kariandusi, mbele zaidi, kuna mashoka ya mawe meusi yanayong'aa kama kioo, ya kale mno kuliko bao lolote. Kati ya Hyrax Hill na Kariandusi ni Elementaita, ziwa dogo la magadi wanakozaliana wari kwa wingi, pamoja na Bogoria na Nakuru likiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Ng'ambo yake kuna kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali. Wamaasai humwona moran, walowezi walimwona mwenzao Delamere na pua yake. Mimi namwona moran. Delamere alikuwa na ardhi ya kutosha bila kupewa na kilima.

Na Kikopey ya nyama choma, bila shaka. Harufu inakufikia kabla ya vibao. Vijana watakuja barabarani wakipunga mikono, kila mmoja akikuitia buchari yake, na wewe tabasamu tu uendelee hadi pale walipoegesha madereva wa malori ya masafa marefu. Chagua nyama mwenyewe ikiwa bado inaning'inia, ipimwe mbele yako, ubavu wa mbuzi kama mko wawili, mguu kama mmekuja na shemeji. Lipa nusu, kisha ndipo urudi barabarani kulitazama ziwa, maana makaa ya Kikopey hayaharakishwi na mtu na itachukua saa nzima. Kachumbari agiza na pilipili kando. Ugali agiza wa watu wachache kuliko mlivyo.