Dada wa Mbagala, Mjomba Wake na Mashine Inayochora

Kuna dada mmoja wa Mbagala, jina libaki pembeni, ambaye kila bando la usiku likianza anashika simu na kuiandikia akili mnemba imchoree picha. Haombi simba wala mrembo. Anaomba kelele. Kelele za Kariakoo saa kumi na mbili jioni, makonda wakiita abiria na bodaboda wakipiga honi, ila pasiwe na mtu, gari wala duka. Rangi tupu.

Mwanzoni ilimgomea. Akiandika Kariakoo inaleta watu. Akiandika joto inaleta jua. Mashine hizi zimefundishwa kwa mamilioni ya picha zenye maelezo, kwa hiyo ukitaja jina tu inakimbilia kitu. Akaacha majina, akaandika vitendo: kusukumana, kuchanika, kutu inayotambaa, bluu iliyochakaa. Anabadili neno moja moja, anaangalia nini kimehama. Katika picha 40 anabakiza mbili au tatu.

Kinachochekesha ni kwamba nyingi ya mashine hizi zinaanza na kelele kweli. Picha ya kwanza ni chengachenga kama TV iliyokosa antena, halafu chenga zinafutwa hatua kwa hatua kufuata maneno uliyoandika. Kwenye Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, unaweza kupunguza hizo hatua. Dada alipopunguza, picha ikatoka mbichi mbichi, na hapo ndipo akaipenda.

Tatizo likaja kwa mjomba wake, mchoraji wa Tingatinga, ambaye ndiye aliyemfundisha kushika brashi. Mzee aliangalia simu, akanyamaza, kisha akauliza:

"Mama, hapa wewe umefanya nini?"

"Nimechagua, mjomba."

"Kuchagua nyanya sokoni hakukufanyi mkulima."

Dada naye akajitetea. Si hata ninyi mnarudia wanyama walewale tangu Edward Tingatinga afariki mwaka 1972? Mjomba hakukasirika. Akasema, "Tulichukua kwake, na jina lake tukaliacha juu ya kazi. Hiyo yako imechukua kwa nani? Imewataja?"

Dada akakosa jibu.

Wiki hiyo hiyo akatokea mteja mwenye nyumba ya wageni, anataka picha tatu kubwa za ukutani. Akauliza, "Umechora mwenyewe?" Kodi ya chumba imefika, na neno "ndiyo" ni fupi sana. Dada akasema ukweli. Mteja akakata bei nusu kwa picha mbili, ya tatu akasema ataichukua kwa bei kamili ikichorwa kwa mkono.

Wapo watakaomwona mjinga. Lakini hata huko Marekani jambo hili halijawa jepesi. Mwaka 2022 picha iliyotengenezwa kwa Midjourney ilishinda zawadi kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado. Mwaka 2023 ofisi ya hakimiliki ikakataa kuisajili, kwa kuwa mwenyewe aligoma kuitenga sehemu iliyofanywa na mashine. Zawadi alipata, hakimiliki akakosa.

Sasa dada yuko uani kwa mjomba na ubao wake, simu kaiegemeza kwenye kopo la rangi. Ile bluu iliyochakaa, iliyotokea kwenye simu kwa sekunde chache, mkononi imemgomea wiki nzima. Juzi mzee alisogea bila kuulizwa, akachanganya nyeupe, tone la nyeusi na kahawia kidogo, akapaka kwenye kona, akarudi kwenye tembo wake.

Rangi ikakubali.

Haya wadau, maneno ni ya dada, picha ni ya mashine, mkono ni wa dada, bluu ni ya mjomba. Hapo chini pasainiwe jina la nani?