Usitie Mkono Usipoona

Dada,

Ile picha ya kidole changu kilichofungwa bendeji imezua huko Soweto East, Kibera, maneno makubwa kuliko kidole chenyewe. Mama amesikia nimekatwa na mashine kazini. Mjomba ameambiwa nimevamiwa. Basi wapitishie habari kamili: nilijikata Jumapili, msituni, nikitafuta sanduku lililofichwa na mtu nisiyemjua. Hakuna aliyenilipa wala kunituma.

Huku jimbo la Washington kuna mchezo uitwao jiokeshingi. Mtu huficha chombo, akaweka mtandaoni namba za mahali penyewe, nawe ukakifuata kwa simu. Ukikipata, unaandika jina kwenye kijitabu kilichomo na kukirudisha palepale. Ukichukua kitu, unaacha kingine. Wewe utauelewa upesi, maana uliwaona vijana wa Map Kibera mwaka 2009 wakizunguka vichochoroni na vile vidude vya GPS kuchora ramani yetu. Mfumo wa setilaiti ni uleule.

Mchezo ulianzia hapa jirani, Oregon. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti ambazo raia walitumia. Tarehe 3 mwezi huohuo Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, ndani akatia vitabu, pesa, manati na mkebe wa maharagwe. Naam, madondo. Kwa njaa yetu ya zamani, mchezo ungekwisha siku hiyohiyo.

Tabu ni kwamba setilaiti hukufikisha karibu tu. Chini ya miti mirefu ya huku, simu inakuambia umefika, kumbe zimebaki mita tano au kumi. Hapo ndipo unapoanza kufunua majani, kuinua magogo na kupapasa mashimo, macho yakiwa bado kwenye skrini. Nimewahi kuteleza nikakaa kitako katikati ya kijito. Miba ya blackberry, mmea uliovamia kila ukingo wa njia, imenichania suruali mbili. Mwezi jana nilishika thabai, kama ile ambayo jirani yetu alikuwa akiitia kwenye mukimo, mkono ukaniwasha mpaka usiku.

Unakumbuka Mama alivyotuambia: jicho litangulie, mkono ufuate. Pale kwetu chini ya kila bati palikuwa na ncha, na jaani palikuwa na wembe. Mpira ukitumbukia mtaroni kando ya reli, tulitafuta fimbo kwanza. Nimevuka bahari na kununua viatu vya bei ili niivunje sheria hiyo.

Sasa lile sanduku. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono wote umezama ndani ya kisiki, vidole vikagusa chuma baridi. Nikavuta. Likatoka sanduku la kijani la kijeshi, la risasi. Dada, nguvu ziliniisha. Ghafla ikawa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, reli imeng'olewa, nasi tumelala sakafuni, wewe umenifunika masikio kwa viganja vyako. Mwenzangu wa Kimarekani alikuwa akishangilia. Hakujua kitu, na sikumweleza. Wachezaji hupenda masanduku hayo kwa sababu hayaingizi maji, na huuzwa waziwazi madukani yakishastaafu jeshini. Nikalifungua kwa mikono inayotetemeka, na ukingo wa kifuniko, uliokuwa umeliwa na kutu, ukanichana kidole cha shahada. Ndani mlikuwa na tembo wa plastiki, vibandiko vya watoto, kijitabu, na kalamu. Risasi pekee iliyokuwemo ni hiyo ya kalamu. Nikaandika jina langu, na ukurasa ukapata doa la damu.

Nesi aliniuliza mara ya mwisho nilichomwa lini sindano ya pepopunda. Mtu mzima huirudia kila baada ya miaka 10, ila kidonda kikiwa kichafu na miaka mitano imeshapita, unachomwa tena. Nikamwambia Septemba 2009. Akashangaa nimekumbukaje mwezi. Ningesahauje? Ni siku tulipohamishiwa nyumba za Lang'ata ili zone yetu ijengwe upya. Msumari ulitoboa ndala yangu nikiwa nimebeba sufuria, nawe ukanibeba mgongoni mpaka kwenye lori, sufuria ikiwa kichwani mwangu kama kofia ya chuma. Bei ya sindano ya huku usiniulize.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu kuliko kutu. Siku moja nilikuwa nikipapasa chini ya benchi la bustani, mama mmoja akasimama na mbwa wake, akanitazama, akatoa simu. Nikamwonyesha ya kwangu, nikaeleza, akacheka. Tangu hapo siendi kutafuta karibu na nyumba za watu nikiwa peke yangu. Wewe mwenyewe fikiria mgeni anayechokora chini ya bati la mtu pale kwetu saa moja jioni. Nani angemngoja amalize kueleza habari za setilaiti?

Mle sandukuni niliacha sarafu ya shilingi ishirini, sikuchukua kitu. Jumamosi tunaenda tena. Mwambie Mama nimenunua glavu, na fimbo nimeshakata.