Salimia kabla hujawa na shida

Watu wakisikia wewe ni ofisa uhusiano, wanadhani kazi yako ni suti, soda na kucheka na wakubwa. Thubutu! Mie nilianza hapa Dar nikitetemeka hata kushika simu. Ujasiri niliupata kwa kupitia vyumba vya habari asubuhi, siku ambazo sina cha kuomba. Jioni usithubutu, gazeti linafungwa!

Uvumi ulipozuka kwamba kampuni yetu imefilisika, mhariri alinipigia kwanza: "Dada, kweli hii?" Nikamwambia: hatujafilisika, ila mishahara imechelewa. Bosi alinuna, lakini uvumi ukafa. Hata Mmarekani Ivy Lee, mwaka 1906, aliwapa waandishi taarifa ya ajali ya treni badala ya kuificha. Kujuana kunaanzia kwenye salamu, ukweli ndio unaokulinda.